WAZAZI NA WATOTO: Bundi katika kitabu cha picha

Juma lililopita tuliongea habari za madaftari ya watoto na jinsi ya kuyafunika yasichakae kabla ya Pasaka. Leo nataka kutimiza ahadi niliyowapa akina mama wawili wa parokia yetu, hapa Lubumbashi. Tangu mwezi ujao wao watapokezana nami kuwasomea watoto wadogo hadithi siku ya Jumamosi asubuhi, katika chumba cha vitabu. Waliponijia waliniuliza swali jepesi: «Mwalimu, katika vitabu hivi vyote, tutajuaje kipi cha kushika?» Nikawajibu kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni: «Shikeni chenye picha nzuri.» Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nikaona haya. Jibu lile lilikuwa jibu la mtu aliyejitia kusahau makosa yake mwenyewe. Basi nawajibu upya, na ninyi wazazi wengine mlio na watoto nyumbani mtusikilize, kwa maana hata penye kitabu kimoja tu na mtoto mmoja juu ya magoti, jambo ni lile lile.

Chumba chetu si kikubwa. Kuna mikeka mitatu, kabati moja lenye kufuli, na dirisha linaloingiza mwanga mzuri mpaka saa nne. Watoto hufika arobaini, pengine zaidi mvua isiponyesha; wakubwa wana miaka saba, na wadogo hubebwa mgongoni na dada zao. Vitabu vya picha tunavyo kama sitini hivi. Vingi vilitujia katika masanduku kutoka Ulaya, zawadi za watu wema ambao hawakupata kutuona.

Jambo la kwanza ni la macho. Kitabu kizuri kwa mama mmoja na mtoto wake huenda kisifae kabisa kwa watoto arobaini. Picha zikiwa ndogo ndogo, au zimejaa vitu vingi vilivyosongamana, mtoto aliyeketi nyuma haoni ila karatasi yenye rangi. Naye asipoona huanza kumfinya jirani yake. Mimi hufanya hivi: nakiweka kitabu wazi juu ya kizingiti cha dirisha, kisha narudi nyuma mpaka ukutani, nachuchumaa nipate urefu wa mtoto, natazama. Nikiweza kusema ni nani yumo katika picha na anafanya nini, kitabu kimefaulu mtihani wa kwanza. Kisipofaulu, nakirudisha kabatini kwa siku ambazo mtoto mmoja anakuja peke yake. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kuvua viatu, lakini nimeona walimu wengi wenye vyeti wakiidharau.

La pili ni la sikio. Maneno yawe machache katika kila ukurasa, sentensi moja au mbili, tatu zikizidi. Msomaji asome kitabu chote kwa sauti nyumbani kwake kabla ya Jumamosi, hata akichekwa na watu wa nyumba yake. Ulimi wako ukijikwaa mara mbili mahali pamoja, watoto watajikwaa pamoja nawe. Tena tafuteni vitabu vyenye neno linalorudi, kama vile mwitikio wa wimbo wetu. Kipo kitabu cha Kifaransa, Roule Galette, kilichotoka Paris mwaka 1950 katika mfuatano wa Père Castor ulioanzishwa na Paul Faucher mwaka 1931. Mfuatano ule ulikuwa wa vitabu vyembamba, vya bei nafuu, ili watoto wengi wapate kuvishika. Hicho ni habari ya andazi linalojibingirisha njiani, likikutana na mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara linaimba na kukimbia. Watoto wetu husikiliza mara ya kwanza na ya pili, ya tatu wanaimba wenyewe, na andazi linapomfikia mbweha wote wanajua kwamba sasa kuna hatari, ijapokuwa hakuna aliyewaambia. Mambo hayo si mageni kwao. Bibi zetu waliposimulia habari za sungura jioni walitumia ujuzi ule ule, nasi tuliitikia.

Walakini picha ina kazi yake ambayo bibi hakuwa nayo, nayo ndiyo inayonipendeza kuliko zote: kusema jambo ambalo maneno hayalisemi. Chukueni Handa's Surprise, kitabu cha Mwingereza Eileen Browne kilichotolewa mwaka 1994. Msichana wa Kijaluo nchini Kenya anambebea rafiki yake matunda saba ya namna mbalimbali ndani ya kikapu kichwani. Njiani anajiuliza rafiki yake atapenda lipi. Maneno hayasemi zaidi ya hayo. Lakini katika picha, nyuma yake, nyani ananyoosha mkono na kuchukua ndizi. Mbuni anachukua pera. Twiga, tembo na wengine kila mmoja na sehemu yake, mpaka kikapu kinabaki kitupu naye hana habari. Kisha mbuzi aliyekata kamba anagonga mti wa machenza, na machenza yanakijaza kikapu tena. Msomaji anasoma kwa utulivu kabisa, ilhali watoto wanapiga kelele: «Geuka! Geuka, anakuibia!» Zamani zaidi, mwaka 1968, Pat Hutchins alitoa Rosie's Walk, habari ya kuku anayetembea shambani, mbweha anamfuata kitabu chote, anapatwa na balaa baada ya balaa, na neno «mbweha» halimo hata mara moja. Mtoto asiyejua herufi hata moja anajiona ana elimu kuliko msomaji. Mpeni furaha hiyo, msiharakishe kumweleza.

Hapo ndipo kitabu kinapogeuka kuwa mazungumzo. Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walieleza jaribio lao: wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi walifundishwa, kwa mwezi mmoja, kuuliza maswali wanaposoma, kungoja jibu, na kulikuza jibu la mtoto. Wazazi wengine waliendelea kusoma kama kawaida. Mwezi ulipokwisha, watoto wa wale walioulizwa walikuwa wamewapita wenzao katika kusema. Vitabu vilikuwa namna ile ile. Lililobadilika ni mdomo wa mtu mzima, uliojifunza kunyamaza. Sisi walimu tuliofunzwa kwa kukariri twaona shida sana kunyamaza.

Nami nasema hivyo kwa kujua. Katika seminari nilijifunza Kilatini katika kitabu kisicho na picha hata moja, na nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposoma kwamba askofu mmoja wa Ndugu wa Moravia, Yohane Amos Comenius, alikwisha kutoa huko Nuremberg, mwaka 1658, kitabu cha Kilatini na Kijerumani kwa watoto, Orbis Sensualium Pictus, chenye picha kwa kila somo. Mwanzoni aliweka herufi pamoja na sauti za wanyama, ili mtoto ajifunze herufi kwa kumsikia kunguru akilia. Miaka mia tatu na zaidi imepita, na bado ziko shule ambamo mtoto wa darasa la kwanza haoni picha ila ile ya kalenda ukutani.

Turudi kabatini. Akina mama wale wataona vitabu vingi vyenye theluji, nguo nzito za sufu, matunda tusiyoyaona sokoni kwetu. Je, viondolewe? Nadhani hapana. Eric Carle, Mmarekani aliyekulia Ujerumani, alitoa mwaka 1969 kitabu cha kiwavi mwenye njaa nyingi. Jumatatu anakula tofaa moja, Jumanne pea mbili, na kuendelea, na kila tunda lina tundu la kweli katika karatasi. Siku nilipokisoma mara ya kwanza niliogopa yale matunda ya kigeni. Watoto hawakuyajali hata kidogo. Waliingiza vidole matunduni, wakahesabu siku za juma, na kiwavi alipokwisha kunenepa na kujaza ukurasa mzima, mtoto mmoja akatangaza kwa furaha: «Sasa yuko tayari kwa sufuria!» Ninyi mnaokaa mbali na Katanga mjue kwamba kwetu viwavi vilivyokaushwa huuzwa sokoni, na ni kitoweo cha heshima. Alipogeuka kipepeo, wengine walisikitika. Mwandishi hakufikiria hilo, lakini kitabu chake kilikuwa na nafasi ya kutosha kulipokea. Hicho ndicho kipimo changu kwa vitabu vya kigeni: je, mtoto wetu anapata mlango wa kuingilia?

Lakini sanduku zima likiwa na theluji tu, hapo kuna shida ya namna nyingine. Mwalimu wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni madirisha ya kuwatazamia wengine, na vilevile ni vioo vya kujitazamia. Mtoto mwenye madirisha tu atadhani kwamba watu wa vitabuni ni wa kabila jingine lisilo lake. Kuna pia vioo vilivyopinda. Tintin au Congo ilianza kutoka mwaka 1930 katika gazeti moja la watoto la Brussels. Mchoraji wake, Hergé, hakuwa amefika huku, akatuchora kama watoto wakubwa wenye midomo minene na akili fupi. Mwaka 2007 Mkongo aliyekaa Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikakataa kukipiga marufuku. Kwangu mimi neno la mahakama halibadilishi neno la kabati: mtu mzima akitaka kukisoma ili ajue mawazo ya zamani, akisome. Jumamosi, juu ya mkeka, hakiingii.

Yote hayo niliyajua. Hata hivyo yalinipata yafuatayo, nami nayaeleza kwa sababu ndiyo hasa yaliyonifanya nione haya siku ile.

Katika sanduku mojawapo kulikuwa na kitabu kikubwa, chenye picha zinazoonekana mpaka ukutani, maneno machache, neno linalorudi, mithili ya kitabu kilichotengenezwa kwa ajili yetu. Kilikuwa habari ya wanyama wanaokwenda shuleni msituni, na mwalimu wao ni bundi mwenye miwani. Nilikijaribu dirishani, nikakisoma kwa sauti nyumbani, nikaridhika. Sikukumbuka, mimi niliyezaliwa katika nchi hii, bundi ni nani kwetu. Au tuseme nilikumbuka na nikajiambia kwamba mimi ni mtu wa vitabu. Wazungu humchora bundi kuwa mwenye hekima tangu zamani za Wagiriki, ambao walimweka juu ya fedha za mji wa Athene. Lakini hapa kwetu, bundi akilia juu ya paa usiku, mama huamka na kuwagusa watoto wake mmoja mmoja.

Nilipofungua ukurasa ule, macho mawili makubwa ya rangi ya manjano yakawatazama watoto arobaini, na chumba kikanyamaza. Si kimya cha kusikiliza. Walimu mnakijua kimya kingine. Kwenye mkeka wa kati alikuwapo mvulana wa miaka sita, aliyefiwa na mama yake na kulelewa na shangazi. Nyumbani mwa shangazi huyo kitoto kichanga kilikuwa kimekufa kabla ya mvua, na maneno yalikuwa yamekwisha kuanza kuzunguka mtaani, wala mimi sikuwa na habari. Msichana aliyeketi karibu naye akajivuta kando. Mwingine akasema, tena si kwa ukali, bali kama anayenijulisha jambo: «Mwalimu, huyo ni ndege wake.» Na kidole kikamwelekea mvulana.

Nikasema: «Nyamazeni, tusikilize hadithi.» Nikaendelea kusoma.

Mvulana aliinuka akatoka. Nami nikasoma mpaka mwisho, kwa kiburi cha mwalimu asiyependa kukatizwa, na pengine kwa hofu pia, kwa sababu sikujua la kusema. Watoto walipokwisha kwenda zao, nikaona mlangoni jozi moja ya kandambili zimebaki. Alikuwa ameondoka pekupeku.

Jioni nilizichukua kandambili zile mpaka nyumbani kwao. Shangazi alinipokea uani, akanipa kiti, akaniuliza habari za mke wangu na watoto kama ilivyo adabu. Nilipomrudishia kandambili hakuzigusa. Akasema: «Mwalimu, sisi tulikuwa tukibishana bado. Wengine walisema ndiyo, wengine hapana. Sasa watoto wamerudi wanasema hata kitabu cha parokia kimemwonyesha.»

Sijapata kusikia neno zito kuliko hilo juu ya kitabu chochote. Mimi nilikuwa nimekishika kitabu hicho. Kwa watoto wale, kitu kilichochapwa na kusomwa na mwalimu ni kweli. Nilimwambia: «Mama, ndege yule alichorwa na mtu asiyejua hata jina la mji wetu.» Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mwenye homa.

Wasomaji wapenzi, mnajua jinsi mambo hayo yanavyoweza kuendelea. Watoto wangapi wa mitaani, hapa na Kinshasa, walifukuzwa nyumbani kwa neno la namna hiyo! Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwamba ni mchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, yampa kifungo anayemshtaki mtoto hivyo. Nilikwenda tena nyumbani kule pamoja na katekista, kisha mara ya tatu pamoja na padri. Sheria tuliitaja mara moja, kwa sauti ya chini, maana sheria ikitangulia huruma mlango hufungwa. Zaidi tulimsikiliza shangazi akimlilia kitoto chake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemsikiliza. Mganga wa zahanati alikuja baadaye kumweleza homa iliyomchukua kitoto ni ipi. Mvulana akabaki nyumbani. Akawa analala pamoja na wengine, hilo niliuliza.

Na watoto wa Jumamosi? Juma lililofuata sikusoma kitabu. Niliwaambia kwamba nilikosa, kwamba nilisema «nyamazeni» mahali palipofaa kusema «sivyo». Kisha nikawaonyesha picha nyingine ya bundi, ya kitabu cha elimu ya viumbe, akiwa ameshika panya mdomoni. Tukaongea. Panya hula nini? Mahindi, maharagwe, hata sabuni, wakasema. Na nani humla panya usiku tunapolala? Sidhani kwamba nilifuta hofu yote kwa asubuhi moja. Mtu mmoja nyuma alisema panya wake wako salama zaidi kuliko bundi wangu. Lakini walicheka, na aliyecheka kwanza alikuwa yule msichana aliyejivuta kando.

Tangu hapo nimeongeza mtihani mmoja kwa kila kitabu, nao naukabidhi kwa wale akina mama wawili kuliko mingine yote. Pitieni kila picha, moja moja, mkijiuliza: katika watoto wangu hawa, yupo ambaye picha hii itamnyooshea kidole? Bundi, paka mweusi, kinyonga, nyoka, mtoto mwenye kibiongo aliyechorwa kuwa mwovu, mtu wa ngozi nyeupe kwa ualbino, mama wa kambo anayetisha. Sisemi mviondoe vyote. Mama wa kambo wa hadithi ana kazi yake, na watoto hupenda kuogopa kidogo wakiwa karibu na mtu wanayemtumaini. Nasema mjue mapema, ili neno lenu liwe tayari. Na kwa kujua hivyo yafaa kuwajua watoto wenyewe: nani amefiwa, nani anasemwa, nani alikula nini asubuhi. Kitabu chenye medali hakiwezi kuwajulisha hayo.

Neno moja juu ya lugha, nalo ni fupi. Vitabu vya Kiswahili vinavyotujia kutoka Dar es Salaam na Nairobi ni msaada mkubwa, ila maneno ya jikoni yana utani wake. Kitabu kikisema kisamvu, watoto wanakodoa macho. Sema sombe, na mate yanawatoka. Mchicha wao ni lengalenga letu, ugali wao ni bukari. Mimi husoma neno la kitabu kwanza, kisha la kwetu, na watoto hufurahi kujua kwamba kitu kimoja kina majina mawili. Kitabu cha Kifaransa msikitafsiri papo hapo mbele yao. Iandikeni tafsiri kwa penseli juu ya kikaratasi na kukibandika nyuma ya ukurasa. Kiswahili cha papo hapo kina harufu ya Kifaransa, nao watoto wanaisikia.

Mtauliza vioo vyetu vitatoka wapi. Viko, ijapokuwa havijai sanduku. Mchoraji wetu Dominique Mwankumi, mzaliwa wa Kongo, ametoa Ulaya vitabu vya watoto wa nchi hii. Prince de la rue, cha mwaka 1999, chaonyesha watoto wa mitaani wa Kinshasa wanaojitengenezea vitu vya kuchezea kwa nyaya na makopo. Siku nilipokifungua, wavulana watatu walikimbia nyumbani kuleta motokari zao za nyaya. Jirani zetu wa Rwanda wana Éditions Bakame, iliyoanzishwa mwaka 1995 ili watoto wasome kwa Kinyarwanda. Tena mwenye telefoni yenye intaneti anaweza kupata bure hadithi za African Storybook, mradi uliozaliwa Afrika ya Kusini, na zile za StoryWeaver, ya Pratham Books ya India. Nyingi ziko kwa Kiswahili, na ruhusa ya kuzichapa imekwisha kutolewa. Sisi tumechapa kumi, tukazishona kwa uzi wa kushonea magunia. Rangi si kali kama za Ulaya, na picha nyingine ni dhaifu kweli. Chagueni kwa mtihani ule ule wa dirisha, wala msizihurumie kwa kuwa ni za Afrika.

Mvulana wetu alirudi Jumamosi ya tano. Alisimama mlangoni kwanza, kandambili mkononi. Nilikuwa nimekwisha kuanza, na safari hii nilikatiza. Nilimwomba aje anisaidie kufunua kurasa, kwa kuwa vidole vyangu vina chaki. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo: mimi nasoma, yeye anafunua, na akiona wenzake hawajamaliza kutazama, hafunui, hata nikimwashiria.

Jumamosi ijayo ni zamu ya mama wa kwanza. Amechagua kuku na mbweha. Amekijaribu dirishani mara mbili. Mimi nitakaa nyuma, ukutani, juu ya mkeka.